Akiba ya Mshono

Mtaani kwao kulikuwa na utani: ukitaka kujua uzito wa lori, nenda kwa mdogo mtu, ukitaka kujua unene wa mwenye lori, nenda kwa kaka mtu, ila huyo hatakwambia ng'o. Mdogo mtu alikaa kwenye mizani ya barabara kuu akipima malori, na hakuna dereva aliyewahi kumlainisha akapitisha hata gunia moja la ziada. Kaka mtu alikuwa fundi cherehani. Tumbo moja lilizaa watu wawili walioishi kwa vipimo, mmoja akivitangaza kwa kipaza sauti, mwingine akivimeza.

Kumeza ndiko kulikompa Fundi wateja. Duka alilirithi kwa baba yake: chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, pazia na benchi la wanaosubiri. Pamoja na duka alirithi sheria. Mteja haambiwi kwamba amenenepa. Mteja anaambiwa kitambaa kimerudi, au maji ya siku hizi yana dawa nyingi. Kiuno cha mtu ni amana, kinaandikwa kwenye daftari na kufunikwa. Tena kila suruali iliyokatwa mle ndani iliachiwa kitambaa cha akiba kwenye mishono, vidole vitatu nyuma, viwili ubavuni. Mwenyewe akiongezeka, ataileta tu kwa kisingizio cha zipu au pasi. Fundi anavuta pazia, anafumua kwa wembe, anaachia nusu inchi au inchi nzima, anashona upya. Mtu anavaa, kifungo kinafunga, anajigeuza mbele ya kioo na kwenda zake akiwa na furaha. Mimi sioni ubaya wa uungwana wa namna hiyo. Ubaya ni kutokujua pa kuukomesha.

Na hakuna aliyeufaidi uungwana ule kama mdogo wake.

Jina lake la utani lilikuwa Thelathini na Mbili. Alijipa mwenyewe, na watu wakalipokea kwa sababu hakuwaacha wapumue. Alipooa, kaka yake alimshonea suti ya kijivu, suruali ya kiuno cha inchi thelathini na mbili, na miaka ishirini na miwili baadaye suruali ile ile bado ilimfunga. Kila sherehe aliivaa. Kila alipoivaa alisimama mbele za watu, akaingiza kidole gumba kwenye mkanda na kuuliza nani mwingine pale anavaa suruali yake ya harusi. Watu waliotazama tumbo lake walijiuliza, lakini suruali ilikuwa shahidi, na shahidi hahojiwi na tumbo.

Ijumaa moja akaingia dukani na suruali hiyo begani.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Leo mizani wamemwachia nani?"

"Nimeomba ruhusa. Wiki ijayo Jumamosi ni mahafali ya binti yangu, nataka kukaa mbele. Zipu inasumbua kidogo." Akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Mnaiona hii? Mahari nililipa nikiwa nayo. Nyinyi wenzangu mmekuwa magunia."

Benchi likacheka. Mzee mmoja akamwambia basi awaachie na wao dawa anayokunywa. Thelathini na Mbili akajipiga kifua, akasema dawa ni kutokuumwa, yeye hospitali anaijua kwa kupeleka wagonjwa. Akatoka akihema kidogo kwenye ngazi tatu za mlangoni, kisha akawasha sigara.

Fundi akavuta pazia. Zipu ilikuwa nzima, kama alivyojua. Aliigeuza suruali ndani nje, akashika wembe, akatafuta akiba ya nyuma. Hakuna. Akatafuta ubavuni, kulia, kushoto. Pindo lilikuwa limebaki upana wa punje ya mchele, ukishona hapo kitambaa kinachanika mtu akikaa. Suruali ya thelathini na mbili ilikuwa imefika arobaini, na haikuwa na pa kwenda tena.

Alikaa juu ya kigoda akiwa ameishika. Wazo la kwanza lililomjia, na nalisema ili mjue mazoea yalivyo na nguvu, lilikuwa kiraka. Kipande cha pembetatu nyuma, chini ya mkanda, koti litafunika. Nani atajua?

Alikuwa bado anawaza rangi ya kitambaa aliposikia hodi. Alikuwa sista, muuguzi wa zahanati ya pale jirani, amefuata sare zake mbili za kazi. Sista alikuwa na mdomo mwepesi na moyo mzuri, mchanganyiko unaochosha watu wagonjwa na kuwaponya. Alipitia pazia bila kukaribishwa, akaiona suruali na mistari yake ya mashimo.

"Ya nani hii? Mbona imefumuliwa hivi?"

"Ya mtu."

"Najua si ya mbuzi. Ana miaka mingapi huyo mtu?"

"Hamsini na mmoja."

"Anafanya kazi ya kukaa?"

Sista hakusubiri jibu. Akavuta kigoda cha pili. "Nyinyi mafundi mngekuwa mnatusaidia, basi tu. Viuno vya mtaa mzima mnavijua kabla yetu. Sisi tunawaona watu siku wameletwa wamebebwa."

"Kwani kunenepa ni ugonjwa, sista?"

"Sijasema ugonjwa. Wapo wanene wazima na wembamba wagonjwa. Ninachosema, haya maradhi ya kudumu, presha, kisukari, hayaji na sababu moja. Umri unaweka kitu chake, kazi ya kukaa inaweka chake, sigara, chumvi, tumbo, halafu damu ya ukoo nayo inaweka. Ukiwa na kimoja unaweza usiumwe maisha yako yote. Ukiwa navyo vitano, njoo nikupime, hata kama unajisikia vizuri. Hasa kama unajisikia vizuri, maana presha haigongi hodi." Akazikunjua sare zake na kukagua vifungo. "Nyinyi kwenu vipi? Baba yenu alifariki na nini?"

"Alianguka bafuni," akasema Fundi.

"Na umri?"

"Hamsini na miwili."

"Mapema," akasema sista. Akashukuru kwa sare, akaenda zake.

Alianguka bafuni. Hilo ndilo lilikuwa jibu la ukoo mzima, na mdogo wake alikuwa amelijengea maisha. Baba yao alipofariki, Thelathini na Mbili alikuwa masomoni mbali. Aliporudi alikuta kaburi na hadithi ya sakafu yenye maji. Tangu hapo aliogopa utelezi kama wengine wanavyoogopa nyoka. Bafu la nyumbani kwake lilikuwa na mikeka mitatu ya mpira na bomba la chuma la kushikilia ukutani. Watoto wake walikua wakigombezwa kwa kumwaga maji, si kwa kula chumvi. Yeye aliamini kabisa kwamba kilichomuua baba yake amekifungia nje.

Lakini aliyemkuta baba siku ile alikuwa Fundi, na Fundi alijua sakafu ilikuwa kavu. Ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni, kopo linaelea, taulo halijaguswa. Baba alianguka kabla hajachota maji. Baada ya mazishi mama yao akafungua droo ya cherehani na kukuta vidonge vya presha, pakiti nzima, havijafunguliwa. Mzee alipewa, akajisikia mzima, akaviweka pale pamoja na vifungo. "Watu watasema alijiua kwa ubishi," mama akasema huku analia. "Mwanangu, wewe sema aliteleza." Akasema. Mama naye sasa hayupo, na Fundi bado anasema.

Mchana huo alifungua sanduku la vipande vya zamani kutafuta kitambaa cha kijivu cha kiraka. Chini kabisa akakuta daftari la kwanza la duka, lile alilokuwa akiandika yeye mwenyewe alipokuwa anajifunza kazi. Baba alikuwa akijipimisha kwa mwanafunzi wake, kila mwaka. Thelathini na tatu. Thelathini na tano. Thelathini na nane. Arobaini. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake wa ujana, ulisema: *Baba, 41, akiba imeisha, tia kiraka.* Tarehe ilikuwa miezi mitano kabla ya msiba.

Fundi alilia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano, peke yake nyuma ya pazia, na kitambaa cha kijivu mapajani, na alilia kwa sauti mpaka aliyekuwa kwenye benchi akajikohoza.

Kiraka hakukikata.

Jumapili akaenda kwa mdogo wake na suruali kwenye mfuko. Shemeji yake alimpokea kwa bashasha, akamkalisha sebuleni, akamwita mumewe aliyekuwa kwenye kochi chumba cha ndani. Thelathini na Mbili akaichukua suruali, akaingia chumbani, na kwa muda ikasikika miguu inayotafuta msimamo. Akatoka ameishika kiunoni kwa mikono miwili, kifungo na tundu lake vimeachana kama wagomvi.

"Kaka, umeifanya nini? Umeibana!"

"Sijaigusa, mdogo wangu."

"Hujaigusa vipi? Hii ni thelathini na mbili!"

"Ivue. Ilete hapa."

Fundi akaigeuza ndani nje juu ya meza. Kitambaa cha kijivu kina kumbukumbu. Uzi ukitolewa, mashimo ya sindano yanabaki. Nyuma ya suruali ile palikuwa na mistari ya mashimo imekwenda sambamba, mmoja kando ya mwenzake, kutoka katikati kuelekea pindoni. Fundi akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hapa ni harusi yako." Akasogeza. "Hapa amezaliwa binti. Hapa ulihamishiwa mizani, ukaanza kukaa kutwa. Hapa ni mwaka uliovunjika mguu. Hapa ni mwaka juzi." Akafika mwisho wa kitambaa. "Hapa ni Ijumaa. Nimeifungua mara kumi na moja. Sasa ni arobaini na haikutoshi."

Shemeji alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka suruali nyingine, na hakuwahi kuuliza kwa nini zipu za mume wake zinaharibika kila mwaka.

Thelathini na Mbili hakufoka. Laiti angefoka. Alisimama na taulo kiunoni, akipapasa ile mistari kwa kidole gumba.

"Miaka ishirini na miwili," akasema taratibu. "Mimi nasimama mbele za watu najisifu, na wewe umekaa pale na sindano yako unanitazama."

"Nilikuwa nakusitiri."

"Ulikuwa unanifanya mjinga. Mimi, kaka! Dereva akinijia na tani moja ya ziada namshusha hata kama ni ndugu wa mkubwa wangu. Watu wananichukia kwa sababu mizani yangu haidanganyi. Kumbe mimi mwenyewe nimevalishwa uongo."

"Ndiyo maana nimekuja. Twende ukapimwe presha. Na sukari."

"Siumwi."

"Unaamka mara nne kwenda haja ndogo," akasema shemeji kutoka alipokaa. "Na kichwa kila asubuhi unasema ni usingizi."

"Nimesema siumwi! Baba hakuumwa hata siku moja, sakafu tu ndiyo iliyomuua, na yangu nimeiwekea mikeka."

Hapo ndipo Fundi alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, limeiva. Akamwona akilini mama yake ameshika pakiti ya vidonge, akalimeza, kama alivyomeza viuno vya mtaa mzima. Akakunja tepu yake ya kupimia na kuaga. Njiani alijichukia.

Jumatatu mdogo wake hakupokea simu. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano Fundi alishona mkono wa kulia mahali pa kushoto, akafumua, akakosea tena. Wateja wa benchi walipomuuliza Thelathini na Mbili yuko wapi na vituko vyake, alisema yuko kazini. Moyoni alikuwa anahesabu miaka: baba hamsini na miwili, mdogo hamsini na mmoja.

Alhamisi asubuhi, benchi likiwa limejaa, Thelathini na Mbili akaingia. Amevaa bukta ya kuchezea mpira, kitu ambacho mtaa ule haukuwahi kukiona kwake.

"Jana nimemrudisha dereva," akasema, bila salamu. "Tani mbili juu. Akaniambia, bosi, gari linatembea vizuri tu, halijalalamika. Nikamjibu, wote husema hivyo mpaka ekseli inapokatika." Akaegemea meza ya kukatia. "Nikarudi kwenye kiti changu, lakini kazi haikufanyika tena."

"Twende, mdogo wangu."

"Tutakwenda. Kwanza nipe hiyo tepu."

"Ya nini?"

"Nipe."

Fundi akaivua shingoni. Mdogo wake akamwambia ainue mikono, akamzungushia tepu kwenye kitovu, juu ya suruali. Suruali yenyewe ilikuwa ya lastiki. Fundi alijishonea suruali za lastiki tangu ujana, akisema zinafaa kwa kazi ya kuinama, na katika madaftari yote ya duka lile hapakuwa na ukurasa wenye jina lake. Watu wa benchi wakanyoosha shingo.

"Arobaini na tatu!" akatangaza Thelathini na Mbili, kwa sauti ile ile inayosikika mpaka foleni ya mwisho ya malori. "Mzigo umezidi! Weka pembeni!"

Benchi likalipuka kwa kicheko, na Fundi akacheka pia, machozi yakimtoka. Amana ya miaka arobaini ilivunjwa mchana kweupe, tena kwake mwenyewe. Hakukumbuka lini alijisikia mwepesi hivyo.

"Sasa mimi," akasema mdogo wake, akampa tepu. "Na uiseme."

Fundi akaipokea. Siku zote alimpima mahali mkanda unapokaa, chini ya tumbo, panapopendeza. Safari hii akapanda hadi kitovuni. "Arobaini na nne," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini alisema.

Zahanati ilikuwa hatua mia tatu. Walikwenda kwa miguu na mdogo mtu alisimama mara mbili akisingizia kamba ya kiatu. Sista alipowaona mlangoni hakusema, "Nilijua." Alivuta viti viwili. Presha ya Thelathini na Mbili ilisoma mia na sabini na nne kwa mia na nne. Sista akamwambia akae, asiongee, miguu aiweke chini, akapima tena baada ya muda: mia na sitini na nane kwa mia. Akamchoma kidole, akatazama sukari, akasema hii nayo imepanda. Kesho aje bila kula chochote wahakikishe, na presha aipime tena kwa siku kadhaa. "Leo sikuhukumu," akasema. "Vipimo vya siku moja si hukumu. Lakini umekuja ukiwa unatembea, na hilo si dogo. Sigara unaiacha leo, chumvi ya mezani inaondoka, na ukipewa dawa unakunywa hata ukijisikia mzima."

Ya Fundi ilikuwa juu kidogo tu. Alisikia nafuu, kisha akaona aibu ya kusikia nafuu.

Sista akafungua kadi mbili mpya, akaanza kujaza. Umri. Kazi. Sigara. Kisha akauliza bila kuinua kichwa: "Ukoo. Baba alifariki na nini?"

"Alianguka bafu..." akaanza mdogo mtu, kwa mazoea.

"Presha," akasema Fundi. "Alipata kiharusi. Alipewa vidonge, hakumeza hata kimoja. Mimi ndiye niliyemkuta."

Kalamu ya sista ilisimama. Mdogo wake aligeuka polepole kwenye kiti.

"Na sakafu?"

"Sakafu ilikuwa kavu, mdogo wangu. Ndoo ilikuwa imejaa. Mama aliniomba niseme aliteleza, nami sikuwahi kuacha. Nisamehe."

Thelathini na Mbili alimtazama kaka yake. Fundi aliuona uso ule ukipita kwenye bafu lile lenye mikeka mitatu na bomba la chuma, na miaka yote ya kushikilia ukuta. Aliogopa kwamba safari hii amempoteza kweli. Kisha mkono mzito wa mdogo wake ukamshika Fundi begani, ukabaki pale.

"Andika, sista," akasema. Sauti ilikuwa ya mizani, ila imepasuka. "Baba, presha. Andika kwenye kadi zote mbili."